"Alikuwa mke wa mkulima tu": kumtafuta bibi ndani ya karatasi za mumewe

*"Nimeolewa Iowa, Marekani, na ninaishi huku. Mama mkwe wangu ana miaka 87, na ameniomba nimwandikie kurasa chache juu ya bibi yake, mama mzaa baba yake, kwa ajili ya mkutano wa ukoo mwakani. Tunachojua ni hiki: alizaliwa Norway 1858, akaja na wazazi wake 1868, akaolewa 1878 na mkulima wa Kaunti ya Winneshiek, akafariki 1926. Sensa ya 1880 inasema kazi yake ni 'kutunza nyumba'. Ya 1900 imeacha safu ya kazi wazi, ila inasema amezaa watoto 9 na walio hai ni 6. Ukoo unawajua hao 6 tu. Ya 1910 ndiyo iliyoninyima usingizi: hayupo shambani, yuko mji wa Independence, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, tena ameandikwa kwa neno ninaloliona kwenye orodha za wafungwa. Mama mkwe anasema 'alikuwa mke wa mkulima tu, hana la kusimuliwa', na nikigusia 1910 anageuza mazungumzo. Mume wangu anasema jina la bibi huyo lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kwa hiyo nyuma ya hapo hatutapata kitu. Je, mimi mgeni katika ukoo nina haki ya kuandika habari ya hospitali? Na niseme kilicho moyoni: kijana wangu wa miaka 16 amekuwa mtu wa huzuni tangu mwaka jana. Ugonjwa ule hauwezi kuwa umemfikia?"*

Dada yangu, naanza na kijana, kwa kuwa yeye yu hai na anaweza kusaidiwa leo. Mpeleke kwa daktari kwa ajili ya hali yake mwenyewe, si kwa ajili ya karatasi ya 1910. Huzuni iliyokaa tangu mwaka jana inatosha kabisa kuwa sababu ya kwenda. Katika magonjwa ya akili, kurithi maana yake ni uwezekano kuongezeka, na uwezekano huo hupungua kadiri ndugu anavyokuwa mbali. Bibi huyu ni mmoja kati ya wazee 16 wa ngazi ile ambao kijana wako ametokana nao, na hatujui hata aliumwa nini. Daktari akiuliza historia ya familia, atakachotaka hasa ni habari za wazazi, ndugu wa tumbo moja, wajomba, mashangazi. Na kijana akianza kusema hataki kuishi, usingoje siku ya miadi: piga au andika ujumbe kwa namba 988, inayopokelewa saa zote nchini Marekani, au mpeleke idara ya dharura usiku huohuo.

Sasa twende kwa bibi.

Mama mkwe wako hasemi vile kwa kumdharau. Anarudia walichosema makarani wa serikali kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1880 makarani wa sensa walielekezwa kwamba mwanamke anayehudumia nyumba yake bila mshahara aandikwe "anatunza nyumba", basi. Kufikia 1900, safu ya kazi ya wake wa namna hiyo mara nyingi iliachwa tupu. Kwa hiyo ule uwazi uliouona hautuelezi chochote juu ya maisha yake. Unatueleza kanuni ya kujaza fomu. Kazi aliyoifanya iliandikwa, tena kwa vipimo, ila iliandikwa chini ya jina la mumewe. Ndiyo maana ninakushauri uache kumtafuta yeye kwa muda, umtafute mume.

Anza na hili. Karani aliyepita Winneshiek mwezi Juni 1880 alikuwa na fomu nyingine, ya mashamba. Ndani yake kila mkulima ameandikiwa ekari alizolima, thamani ya shamba, idadi ya ng'ombe wa maziwa, halafu: ratili za siagi iliyotengenezwa shambani mwaka 1879, kuku walioko, na dazeni za mayai yaliyopatikana mwaka huohuo. Jina lililo mwanzo wa mstari ni la mwanamume. Lakini katika mashamba ya Wanorway wa wakati ule, siagi na kuku vilikuwa mikononi mwa mke. Wao walioana 1878, kwa hiyo siagi ya 1879 ni ya mwaka wake wa kwanza au wa pili wa ndoa. (Kama walikuwa bado wanakaa kwa wakwe, tafuta jina la baba mkwe wake.) Fomu hizo zimo Ancestry, tovuti ya nasaba ya kulipia, na maktaba nyingi za umma hukuruhusu kuitumia bila malipo ukiwa ndani ya jengo.

Tuseme umekuta ratili 400. Usiiandike hivyohivyo ukapita. Ratili moja ya siagi hula takriban lita 10 za maziwa, kwa hiyo hapo kuna lita 4,000 zilizokamuliwa kwa mkono, asubuhi na jioni. Maziwa yalimwagwa kwenye mabeseni mapana yasiyo na kina, yakawekwa mahali pa baridi chini ya nyumba mpaka malai yapande juu. Malai yakaenguliwa, yakakusanywa, yakasukwa kwenye pipa kwa mti wa kupandisha na kushusha, na siku ya baridi kali siagi hukataa kushikana hata mkono uchoke vipi. Ikishatoka huoshwa kwa maji mara kadhaa, kwa sababu maziwa yakibaki ndani yake itachacha. Kisha hukandwa, hutiwa chumvi na kupakiwa kwenye vyungu. Na kila beseni lililotumika lazima lioshwe kwa maji ya moto, maji ambayo mtu ameyateka na kuyabeba. Tazama tarehe ya kuzaliwa mtoto wa kwanza, uone kama kazi hiyo yote aliifanya akiwa na mimba. Huo ni ukurasa mzima wa maisha yake, na hujaunga kitu chochote cha kubuni.

Siagi hiyo haikuliwa yote nyumbani. Sehemu ilipelekwa dukani kubadilishwa na kahawa, sukari, kitambaa. Mwaka 1876 siagi ya Iowa ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Baadaye viwanda vya siagi vilipoenea kaskazini-mashariki mwa Iowa, maziwa yakawa yanapelekwa kiwandani na malipo yakatoka kwa jina la mwenye shamba. Mzigo wa kusuka ulipungua, lakini na zile fedha ndogo zilizopita mkononi mwa mama mara nyingi zilihama. Ukikuta katika boksi la mama mkwe daftari la duka au stakabadhi za kiwanda, zisome kwa jicho hilo.

Hati za ardhi nazo zina neno. Sheria ya Iowa ilimpa mke haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe akifiwa, kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hakukubali hati ya mauzo bila mke kutia sahihi. Kila ardhi iliyouzwa, bibi yako yumo. Ila angalia: nakala iliyo kwenye vitabu vya kaunti ameiandika karani, hivyo mwandiko ule si wake. Ukitaka kuona mkono wake mwenyewe tafuta hati za asili, ama ndani ya boksi la familia, ama kwenye jalada la mirathi kama mume alitangulia kufa. Jalada hilo likiwepo, omba kuliona lote, pamoja na orodha ya mali. Orodha hizo hutaja mpaka jiko, vitanda na cherehani.

Kwenye magazeti mtafute kwa jina la mume pia. Kama mume aliitwa Ole Hanson, gazeti lingemwita yeye "Bibi Ole Hanson", na jina alilobatizwa usilione kabisa. Magazeti ya miji midogo yalijaa habari za nani kamtembelea nani Jumapili, nani kajifungua, nani kaenda kwa dada yake Minnesota. Pale Decorah, mji mkuu wa Kaunti ya Winneshiek, pia lilichapishwa kwa Kinorway gazeti la *Decorah-Posten*, kuanzia 1874 hadi 1972. Familia kama yake walikuwa wasomaji walewale lililoandikiwa.

Watoto watatu wasiojulikana ndio waliokaa rohoni mwangu niliposoma barua yako, na ninaamini utawapata. Swali la "umezaa wangapi, wako hai wangapi" liliulizwa 1900 na likarudiwa 1910. Bila karani yule kuuliza, hao watatu wangepotea moja kwa moja, kwa kuwa sensa ya taifa ya 1890 iliharibiwa karibu yote baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Bahati ni kwamba jimbo la Iowa lilikuwa na sensa yake. Ya 1885 na ya 1895 zinataja watu wa nyumba kwa majina. Ziweke pamoja na za taifa za 1880 na 1900, uone nani anajitokeza na nani anatoweka. Mtoto aliyezaliwa na kufa katikati ya sensa mbili hatakuwemo popote kati ya hizo. Huyo mtafute kwenye kitabu cha kanisa.

Wachungaji wa Kilutheri wa Kinorway walikuwa waandikaji makini: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Vitabu vyenyewe viko kwa Kinorway, lakini vichwa vya safu vinajirudia, na baada ya ukurasa mmoja au miwili utakuwa umevizoea. Iowa ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa jimbo zima Julai 1880, ila miaka ya mwanzo wengi waliachwa, hasa vichanga, kwa hiyo kukosa cheti kusikukatishe tamaa. Ukikuta watoto wawili wamezikwa ndani ya wiki moja, fikiria ugonjwa wa kuambukiza. Dondakoo iliua watoto wengi vijijini miaka ile, na dawa ya kuizuia sumu yake ilianza kupatikana katikati ya miaka ya 1890 tu. Lakini usitaje ugonjwa ambao karatasi haikuutaja.

Kuhusu Ellis Island, mwambie shemeji, yaani mume wako, kwa upole. Kituo kile kilifunguliwa Januari 1892. Bibi alikuwa na miaka 24 ya kukaa Amerika siku kinafunguliwa. Hata baadaye, maofisa wa pale walifuata orodha za abiria zilizotengenezwa kule meli ilikotoka. Hawakuwa wakitunga majina. Wanorway wengi wa miaka ya 1860 walishukia Quebec, Kanada, wakaendelea mpaka Wisconsin, Iowa na Minnesota. Orodha za abiria wa Quebec zipo kuanzia 1865. Polisi wa Christiania, Oslo ya leo, nao walianza kuorodhesha wahamaji 1867. Kwa hiyo 1868 inaangukia pazuri.

Majina yalibadilika kwa sababu nyingine. Kijijini Norway mtoto wa kike wa Ola aliitwa Olsdatter, kisha likaongezwa jina la shamba wanaloishi, na wakihama shamba, jina hilo lilibadilika. Walipofika Amerika wengine walichukua jina la shamba, wengine la baba, na ndugu wawili wakaweza kuishia na majina mawili tofauti. Kwa hiyo kule Norway utamtafuta kwa jina la baba yake na jina la shamba. Msaada upo mahali usipopategemea: sensa ya jimbo la Iowa ya 1925 iliuliza majina ya wazazi wa kila mtu, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Bibi alikuwa hai 1925. Kama karani alipata majibu kamili, humo utampata mama yake kwa jina lake. Kutoka hapo ingia Digitalarkivet, hifadhi ya taifa ya Norway mtandaoni. Vitabu vya makanisa vimo bila malipo.

Tufike 1910. Neno lililokushtua, nadhani ni *inmate* la Kiingereza, lilitumika kwa wakazi wa taasisi za kila namna: hospitali, nyumba ya maskini, gereza, yote mamoja. Halina maana ya kosa. Sensa ile ilihesabu watu kwa hali ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba wakati huo makao yake yalihesabiwa kuwa Independence. Huenda alikaa miezi mitatu, huenda miaka kumi. Hapa ndipo watafiti wengi huteleza: wanaona siku moja, wanaandika maisha mazima.

Hospitali ile ilifunguliwa 1873, na ilihudumia kaunti za kaskazini-mashariki. Mtu hakuingia kwa kupelekwa mlangoni tu. Kila kaunti ilikuwa na tume ya watu watatu: karani wa mahakama, daktari na mwanasheria. Mtu, mara nyingi ndugu, alipeleka taarifa, daktari akampima, maswali yakajazwa: umri, ndoa, watoto, hali ilianza lini, inadhaniwa ilisababishwa na nini. Majibu ya swali hilo la mwisho yatakuumiza ukiyasoma. Uzazi, kukoma hedhi, matatizo ya nyumbani, kufiwa, dini iliyozidi, vyote viliandikwa kama visababishi. Waliolazwa walikuwemo wenye kifafa, wenye huzuni nzito baada ya kujifungua, wazee waliopoteza kumbukumbu, na watu ambao leo wangetibiwa na kurudi nyumbani. Bibi alikuwa na miaka 51 au 52, amezaa mara tisa, amezika watatu. Hayo yanakupa picha ya mzigo. Hayakupi jina la ugonjwa. Dawa za kwanza za kutuliza magonjwa makubwa ya akili zilikuja miaka ya 1950, kwa hiyo usishangae kukuta kwamba matibabu yalikuwa mapumziko, kazi na mlango uliofungwa.

Kabla ya kufuatilia majalada ya hospitali, fanya lililo jepesi. Sensa ya Iowa ya 1915 iliandikwa kwenye kadi, kila mtu yake. Tafuta kadi ya bibi. Ukiikuta yuko Winneshiek, basi alirudi nyumbani, na hadithi yako imegeuka kabisa. Kadi hizo zina kiasi cha elimu na dhehebu pia. Halafu sensa ya 1920, halafu 1925, halafu tangazo la kifo la 1926: alifia wapi, na nani waliobeba jeneza.

Je, una haki ya kuandika? Mwenye haki ya kwanza ni mama mkwe wako. Yeye ni mjukuu, na ndiye aliyekuomba. Wewe si mgeni. Watoto wako ni damu ya mama huyu, na mzee wa miaka 87 hakabidhi habari za bibi yake kwa mtu asiyemwamini. Lakini usiipeleke habari ya hospitali mbele ya ukoo mzima kabla hamjaketi wawili. Mpelekee kwanza siagi na majina ya watoto watatu. Ongea naye hayo, mnywe kahawa. Akishaona kwamba unamtafuta bibi yake kwa heshima, mwonyeshe karatasi ya 1910, kisha unyamaze. Huenda anajua zaidi yako. Vizazi vile vilifundishwa kwamba ugonjwa wa akili ni aibu ya nyumba nzima.

Akikataa isiandikwe, una njia mbili za uaminifu. Unaweza kuandika kurasa za mkutano bila hospitali, bila kusema uongo kwamba 1910 alikuwa shambani, na nakala kamili ukaiweka kwa ajili ya watoto wako. Au unaweza kusubiri. Mimi ningechagua ya kwanza. Akikubali, andika mistari michache: mwaka, mahali, alichokuta karani, na alirudi lini kama alirudi. Usiweke jina la ugonjwa, wala usimtie mume hatiani kwa kukisia. Ni kweli wako wanaume waliowatumia wenye mamlaka kuwaondoa wake zao, na ni kweli pia wako waliofika mwisho wa uwezo wao wakiwa na watoto wadogo na ng'ombe wa kukamua. Bila jalada hujui huyu alikuwa yupi.

Jambo moja zaidi ninaliona lina nafasi katika kurasa zako, ingawa hukuuliza. Kaunti ya Winneshiek ina jina la kiongozi wa Waho-Chunk, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, na watu wake waliondolewa eneo lile 1848. Wanorway wa kwanza walifika 1850. Shamba alilosukia siagi lilikuwa nchi ya watu wengine muda mfupi kabla bibi hajazaliwa. Sentensi mbili zinatosha, lakini ziwepo.

Kuna mahali mtandao hautoshi, itabidi uende. Karatasi za tume ya kaunti, kama zimebaki, zinashikwa na karani wa mahakama Decorah au zimehamishiwa Chama cha Historia cha Jimbo la Iowa. Piga simu kwanza, uliza zipo wapi na sharti la kuziona ni lipi. Sheria ya taifa ya siri za wagonjwa hulinda taarifa kwa miaka 50 baada ya kifo, na hiyo imeshapita, ila sheria ya jimbo inaweza kuwa na masharti yake, kama vile amri ya hakimu au uthibitisho wa undugu. Nenda na mume wako au mama mkwe mwenyewe, kwa kuwa wao ni wa damu. Hapohapo Decorah tembeleeni Vesterheim, makumbusho ya Wamarekani wenye asili ya Norway, mkaone vyombo vya kusukia siagi vya aina aliyotumia. Vitabu vya kanisa vikikushinda kusoma, Madison, Wisconsin, kuna kituo cha nasaba za Wanorway wa Amerika chenye wataalamu wa mwandiko ule. Wanatoza ada, ila kwa kitabu cha ubatizo na maziko cha watoto wale watatu, ningeilipa.

Ukimaliza, toa nakala moja kwa Hifadhi ya Nyaraka za Wanawake wa Iowa, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa. Ilianzishwa 1992 kwa fedha ambazo mwanzilishi wake mmoja, Louise Noun, alizipata kwa kuuza mchoro wa Frida Kahlo, na inapokea habari za wanawake wa mashambani waliosemwa kwamba hawana la kusimuliwa. Ulizia kwanza taratibu zao, na mpe mama mkwe fomu aitie sahihi yeye.